Mshumaa wangu unachimba shimo na kujizamisha. Wajuzi wa utambi njooni hapa

Mwanga_Hafifu
Hodi wakuu. Ni wiki ya tatu sasa najifunza kutengeneza mishumaa nyumbani na tabia ya mshumaa imenishinda. Nilianza na vipande vilivyobaki vya mishumaa ya zamani, nikaviyeyusha, nikachuja kwa soksi nyembamba, nikamimina kwenye glasi nene yenye mdomo wa sentimita 8. Utambi nikautengeneza kwa uzi wa pamba niliouokota kwenye kikapu cha kufumia. Ulipoganda ulipendeza mpaka nikaupiga picha.

Nikauwasha. Nusu saa ya kwanza raha mustarehe. Baada ya hapo moto ukaanza kushuka kama mtu anayechimba kisima. Nta ya katikati inayeyuka, ya pembeni haiguswi kabisa. Saa mbili baadaye kuna shimo la upana wa vidole viwili, moto umebaki kama punje ya mtama, kisha nta ikaufunika. Psss. Kimya. Robo tatu ya nta iko palepale, imekumbatia glasi.

Nimerudia mara nne. Mara ya nne nikaongeza mafuta ya harufu nikidhani nta italainika. Matokeo ni yale yale, ila sasa shimo linanukia.

Nakosea wapi? Tukishamaliza hilo naomba na mawazo ya kupamba, maana lengo langu lilikuwa meza ya sebuleni ipendeze, sikukusudia kufungua maabara.

Shaka_Daima
Utambi mwembamba. Uzi wa mjadala ufungwe.

Mama_Pacha
Shaka, mwenzio kaandika ukurasa mzima, wewe unamjibu kama unalipia kwa herufi.

Mwanga, pole. Siku ya kwanza uliuwasha kwa muda gani kabla ya kuuzima? Mshumaa wa glasi una kinyongo. Ukiuwasha dakika 40 ukauzima, kile kiduara kilichoyeyuka siku hiyo ndicho utakachokifuata siku zote. Hesabu yangu ni saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana wa mdomo. Glasi yako inataka saa 3 na ushei mara ya kwanza, nta iyeyuke kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwanga_Hafifu
Sikuuzima dada. Ulijizima.

Mama_Pacha
Basi Shaka yuko sahihi. Inaniuma kulisema.

Fundi_Kimya
Yuko sahihi nusu.

Kwanza tuelewane kinachowaka. Siyo utambi, na wala siyo ile nta ya maji. Ni mvuke wa nta. Usiku mmoja acha mshumaa uwake dakika kumi mahali pasipo na upepo, uuzime, halafu upesi sogeza kibiriti kinachowaka kwenye ule mstari wa moshi mweupe, sentimita mbili hivi juu ya utambi. Moto utateremka kwa kufuata moshi mpaka kwenye utambi, na hujaugusa. Moshi ule ni nta iliyokwisha kugeuka mvuke na imeanza kuganda hewani. Watoto wakiuona mchezo huu hutapumzika.

Kwa hiyo utambi ni bomba. Kazi yake ni kunyonya nta na kuipeleka kwenye joto. Bomba likiwa dogo kwa glasi yako, moto ni mdogo na joto halifiki pembeni, ndiyo shimo hilo. Likiwa kubwa kupita kiasi, nta inayopanda ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguza. Utaona masizi kwenye glasi, moto unarukaruka, na ncha ya utambi inaota kichwa cheusi kama uyoga. Ufundi wote umelala hapo katikati, na hakuna jedwali la kukumalizia kazi, kwa sababu nta, rangi na harufu kila kimoja kinavuruga hesabu kwa namna yake. Ile harufu ya mara ya nne ilizidi kuubebesha mzigo utambi ambao tayari ulikuwa hoi.

Nina maswali matatu. Uzi uliusuka au uliusokota? Uliuchovya kwenye nta kabla ya kuutumia? Na nta ulitia rangi gani?

Mwanga_Hafifu
Nilisokota nyuzi tatu. Sikuuchovya, niliusimamisha mkavu na kumimina. Rangi ni krayoni ya mtoto, ya zambarau. Nzima.

Naomba msamaha kwa wote.

Fundi_Kimya
Hahaha. Krayoni ndiyo iliyomalizia.

Rangi ya krayoni ni unga laini ulioelea ndani ya nta, haujayeyuka. Utambi unanyonya, nta inaungua, ule unga unabaki mlangoni. Baada ya muda bomba limeziba. Rangi za mishumaa zinayeyuka kabisa kwenye nta kama sukari kwenye chai. Na kabla hujauliza, rangi ya keki haifai pia. Ile ya kawaida ni ya maji, itajikusanya chini ya sufuria kama machozi.

Kusokota nako kuna hadithi yake. Mishumaa ya kale ilikuwa na tambi za kusokota (tambi za mshumaa jamani, siyo za kula). Utambi wa hivyo unasimama wima katikati ya moto, mahali ambapo hewa haifiki vizuri, kwa hiyo hauungui ukaisha. Unarefuka, moshi unazidi, na ilibidi mtu ainuke kila baada ya muda kuupunguza kwa mkasi maalumu. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès akaja na utambi wa kusukwa. Uzi uliosukwa una mvutano, ukiungua unapinda, ncha inatoka nje kidogo ya moto, inakutana na hewa na kuwa majivu. Unajipunguza wenyewe. Mwaka huohuo Chevreul na Gay-Lussac, nao Wafaransa, wakapata hataza (haki ya uvumbuzi) ya mishumaa ya asidi ya steariki, yaani sehemu ngumu ya mafuta, iliyokuwa migumu zaidi na isiyonuka kama ile ya mafuta ya wanyama. Mishumaa ya sasa inadaiwa mengi na mwaka ule.

Kwa hiyo suka, usisokote. Halafu loweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu, chumvi kijiko 1, boraksi (unga mweupe wa madini) vijiko 2. Anika hadi ukauke kabisa, siku mbili hivi. Kisha uchovye kwenye nta iliyoyeyuka mpaka vipovu vya hewa viishe kutoka, uunyooshe juu ya karatasi ugande ukiwa mnyoofu. Maji ya boraksi yasikae karibu na watoto.

Shaka_Daima
Krayoni ni nta. Mimi natumia na mishumaa inawaka.

Fundi_Kimya
Inawaka, sikatai. Inawaka mpaka mwisho?

Shaka_Daima
Sijawahi kuifikisha mwisho.

Kichwa_Kigumu
Samahani wakuu, mimi mgeni. Mahali pengine nimesoma "yeyusha parafini nusu kilo". Nilikuwa tayari nimeshika dumu. Parafini si ndiyo mafuta ya taa?

Mama_Pacha
WEKA CHINI HILO DUMU.

Kuna wanaoita mafuta ya taa parafini, ni kweli, na ndiyo maana neno hili linatutia hatarini. Parafini ya mishumaa ni nta ngumu, nyeupe, haina harufu, inauzwa kama mabamba au punje. Inatokana na mafuta ghafi, lakini ni kitu kingine kabisa. Mafuta ya taa hayaji karibu na sufuria ya nta, hata tone.

Kichwa_Kigumu
Nimeweka. Asante. Na moja kwa moja kwenye jiko inaruhusiwa?

Mama_Pacha
Hapana, na hili nalisimulia kwa gharama yangu. Mwaka wa kwanza niliweka sufuria ya nta juu ya moto mtupu nikaenda kupokea simu. Niliporudi inatoa moshi, nikasimama kuushangaa, na nikiwa bado nashangaa ikashika moto. Mkono wangu tayari ulikuwa kwenye bomba la maji. Kilichoniokoa ni mwanangu mkubwa kufunika na mfuniko na kuzima jiko. Ukuta bado una alama.

Nta weka kwenye kopo au jagi la chuma, hilo jagi litumbukize kwenye sufuria yenye maji, maji ndiyo yakae juu ya moto. Maji hayapiti nyuzi joto 100, na nta nyingi zinayeyuka chini ya 70, kwa hiyo huna sababu ya kuikimbiza zaidi. Maji ya chini yasikauke.

Fundi_Kimya
Niongezee sababu ya kutomwaga maji, maana mtu akijua sababu hasahau. Maji ni mazito kuliko nta. Ukiyamwaga yanazama chini ya nta yenye moto mkali, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Unairusha nta yote juu, nayo inawaka. Mfuniko, zima jiko, usiinyanyue sufuria.

Na nta isimwagwe kwenye sinki. Itaganda ndani ya bomba, utamwita fundi asiyekuwa mimi.

Jani_Bichi
Naomba tuseme na hili: kwa nini mnamfundisha mtu parafini? Nta ya soya au ya nyuki ni safi, hazitoi moshi. Parafini ni masizi matupu.

Fundi_Kimya
Jani, nilijua utafika. Kila nta ukiipa utambi mrefu itatoa masizi, hata ya nyuki. Kata utambi ubaki milimita 5 kabla ya kila kuwasha, uweke mbali na upepo, halafu tulinganishe.

Tofauti ninazoziona mimi mezani ni hizi. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, ngumu, ina harufu yake ya asali, inataka utambi wenye nguvu, na bei yake lazima uipende. Soya ya glasi ni laini, inayeyuka karibu na 50, inashikamana vizuri na glasi, lakini ikiganda inaweza kuota ukungu mweupe kama baridi ya alfajiri. Huo ukungu si kosa, ni fuwele za mafuta. Parafini iko nyingi, kuanzia zile laini za nyuzi 46 mpaka ngumu za 68, inatoa harufu vizuri, na inanywea sana ikipoa. Ndiyo maana unaona bonde linatokea kuzunguka utambi. Bakiza nta kidogo, toboa bonde kwa kijiti, mimina mara ya pili.

Jani_Bichi
Ukungu si kosa lakini unakera. Nimekubali hilo la utambi mrefu. La mengine bado.

Mama_Pacha
Kuhusu tambi za dukani: zile zenye waya katikati watu huziogopa kwa sababu ya risasi (ile metali yenye sumu). Marekani ilipiga marufuku tambi za risasi mwaka 2003. Za sasa zenye waya kwa kawaida ni zinki, lakini kama umezikuta kwenye mishumaa ya miaka mingi, usizirudie. Tupa.

Na Mwanga, usitupe hizo glasi zako nne. Kata foili, ifunge kwenye mdomo kama kofia iliyotobolewa katikati, tundu la sentimita 3 hivi, uwashe. Foili inarudisha joto pembeni na ile nta ya ukingoni inashuka yenyewe. Usiondoke hapo, na usishike foili kwa mkono mtupu.

Mwanga_Hafifu
Mmenipa kazi. Ngoja nisuke. Swali dogo la vipimo: nikitaka kujua glasi inakula nta kiasi gani?

Fundi_Kimya
Mimina maji mpaka pale unapotaka nta iishie. Pima hayo maji kwa gramu, zidisha kwa 0.9, hiyo ndiyo nta yako. Glasi ikaushe vizuri sana baada ya hapo, tone moja la maji kwenye nta ni kero ya wiki nzima. Harufu anza na 6 kwa 100 ya uzito wa nta. Ukipita 10 kwa 100, mafuta yatatoka juu kama jasho. Na pima kwa mizani, si kwa kifuniko cha chupa. Baada ya kumimina, soya yenye harufu iache wiki moja hadi mbili kabla ya kuiwasha. Najua hutasubiri, hakuna anayesubiri mara ya kwanza.

Ila sasa hivi usitie harufu wala rangi. Tengeneza glasi tatu za nta tupu, tofauti iwe utambi tu. Ukibadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja hutajua kipi kimekusaidia. Washa kwa muda wa saa 4, andika kwenye daftari.

Bi_Rangi
Nimesoma uzi wote nikingoja mfike kwenye mapambo. Naona mafundi mmekaa kwenye bomba tu.

Mwanga, kwa meza ya sebuleni anza na vya kuelea. Nta ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mshumaa mfupi mpana unaelea wenyewe. Chukua bakuli pana la kioo, maji, matawi au maua yaliyozamishwa chini kwa kokoto, mishumaa mitatu juu. Kioo cha kawaida cha kujitazamia kikiwekwa chini ya bakuli, mwanga unakuwa maradufu na hujaongeza mshumaa hata mmoja. Wageni watauliza umenunua wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Usipange mishumaa ikabanana. Acha sentimita 8 kati ya mmoja na mwingine, la sivyo inayeyushana ubavu. Urefu ukitofautiana inapendeza zaidi kuliko askari wa gwaride. Na mezani pa chakula usiweke yenye harufu, inagombana na mchuzi.

Mwanga_Hafifu
Bi Rangi, mimi natamani ile yenye maua makavu juu. Nimeona picha nyingi.

Bi_Rangi
Picha nyingi za hizo zimepigwa kabla ya kuwashwa, mwanangu.

Mimi nilifanya. Vipande vya chungwa vilivyokaushwa, petali, vijiti vya mdalasini, vyote juu ya glasi. Nta ilipoyeyuka petali zikaelea, zikausogelea moto, zikaloa nta. Kila petali ikawa utambi. Nilikuwa na moto saba kwenye glasi moja, na glasi ikapasuka kwa sauti ambayo hadi leo naikumbuka.

Maua yana mahali pake, na mahali pake ni nje ya mshumaa mnene wa kusimama. Chukua mshumaa mnene, sentimita 7 au zaidi, wenye utambi mwembamba makusudi. Hapa lile shimo lako la aibu ndilo tunalolitafuta, maana moto unachimba katikati na ukuta wa nje unabaki. Jani liwe limekandamizwa kitabuni mpaka likauke bapa kabisa. Pasha moto mgongo wa kijiko juu ya mshumaa mwingine, ufute masizi, bandika jani ubavuni, pitisha kijiko juu yake polepole kama unapiga pasi kola. Nta ya chini inalainika, jani linazama kiasi cha unene wa karatasi. Ncha zikigoma, rudisha kijiko kwenye moto, usikandamize kwa nguvu. Ukimaliza paka nta ya moto nyembamba kwa brashi. Ukiwashwa usiku, mwanga unapita nyuma ya jani na mishipa yake yote inaonekana. Mimi huzima taa nikakaa tu.

Kichwa_Kigumu
Na ile yenye matundu kama jibini?

Bi_Rangi
Barafu. Boksi tupu la maziwa, simamisha mshumaa mwembamba wa kawaida katikati, jaza vipande vya barafu kuuzunguka, mimina nta ya moto. Barafu inayeyuka, maji unayamwaga, matundu yanabaki. Ule mshumaa wa katikati ndio unaolinda utambi usilowe. Chana boksi kesho yake. Hakuna miwili itakayofanana, na wa kwanza utakuwa mbaya. Wangu ulikuwa kama jino bovu.

Shaka_Daima
Krayoni kwenye hiyo yenye matundu?

Fundi_Kimya
Hapo ruksa, Shaka. Mshumaa wa ndani ndio unaofanya kazi kubwa, krayoni ikae kwenye ganda la nje. Umefurahi?

Shaka_Daima
Kiasi.

Mwanga_Hafifu
Narudi na mrejesho, siku kumi na mbili baadaye.

Glasi tatu, maji gramu 220, kwa hiyo nta gramu 198 kila moja. Parafini nyeupe mpya, hakuna rangi, hakuna harufu. Tambi zote za kusuka, zimelowekwa na kuchovywa. Nimewasha zote pamoja kwa muda wa saa 4, dirisha limefungwa, nimekaa na daftari kama msimamizi wa mtihani.

Utambi wa nyuzi 3: moto mdogo, ziwa la nta sentimita 4, halikuongezeka tena. Shimo lingekuja.

Nyuzi 9: ukingo hadi ukingo kwa saa moja na nusu, moto mrefu unarukaruka, mdomo wa glasi mweusi, uyoga juu. Glasi ilikuwa ya moto siwezi kuishika. Niliuzima kabla ya wakati kwa woga.

Nyuzi 6: polepole. Saa ya pili nilikata tamaa kidogo. Saa ya tatu na dakika kumi nta ikagusa ukingo upande wa kushoto, kisha ikazunguka. Kina chake kama sentimita moja. Moto umetulia, utambi umepinda kichwa pembeni kama mtu anayesinzia, na ncha yake ni nyekundu inayogeuka majivu. Fundi, niliuona ule mwaka 1825 kwa macho yangu.

Na nimewasha moshi. Mara sita. Watoto hawajalala.

Fundi_Kimya
Safi sana. Sasa ukitia harufu, nyuzi 6 zinaweza zisitoshe. Jaribu na 7 au 8. Na ikibaki sentimita moja ya nta chini, acha kuwasha, glasi isije ikapata joto la utambi moja kwa moja.

Mama_Pacha
Glasi zile nne za zamani?

Mwanga_Hafifu
Foili imeokoa mbili. Ya tatu ni ile ya krayoni, imezima hata na foili. Ya nne ndiyo yenye harufu, nimeiweka chooni bila kuiwasha, shimo linaendelea kunukia.

Kesho naanza jani la Bi Rangi.

Shaka_Daima
Nilisema utambi mwembamba. Uzi ufungwe.